Macho ya Mzee Pulitzer

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, mama zangu, kaka na dada zangu wafanyabiashara, na ninyi vijana mliokosa viti mkaegemea ukuta: wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie biashara ya familia. Ningeweza kuzungumzia ya kwetu, maana wengi humu mmechapisha kadi za harusi na vitabu vya risiti kwa marehemu baba yangu. Lakini ya kwetu bado iko jikoni, haijaiva. Nimeona niwaletee ya mtu ambaye chungu chake kilishaepuliwa, kikapakuliwa, kikaliwa hadi ukoko, ili tuione yote kwa pamoja. Mtu huyo ni Joseph Pulitzer, mhamiaji kutoka Hungaria.

Jina mnalijua kwa sababu ya tuzo. Mwaka 1999 Tuzo ya Pulitzer ya picha za habari za papo hapo walipewa wapiga picha wa shirika la Associated Press, kwa picha walizopiga baada ya balozi za Marekani kulipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Humu ndani wapo wanaoikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, na mahali walipokuwa wamesimama kishindo kiliposikika. Kwa hiyo jina hili lilishapita kwetu, tena limebeba majonzi yetu. Mimi nataka tumtazame mwenye jina, mfanyabiashara aliyenunua gazeti lililofilisika, akalikuza, akapata watoto, akazeeka, akaanza kujiuliza amwachie nani.

Niseme pia kwa nini nimemchagua yeye. Baba yangu alipofikisha miaka sitini, mtoto wa jicho ulimfunika macho yote mawili, na kwa miaka kadhaa kabla ya kupasuliwa mimi ndiye niliyekuwa namsomea prufu, zile nakala za kusahihisha kabla ya kuchapa. Nilisoma kila kitu, mpaka alama. "Koma," nasema. "Nukta. Aya mpya." Yeye amekaa kwenye kigoda pembeni ya ile mashine yetu ya kuchapia, Heidelberg, kichwa kakiinamisha, kidole kinagonga goti kwa kila nukta. Nikiruka koma, kidole kinasimama. Niliposoma maisha ya Pulitzer nikafika mahali ambapo mzee yule, tajiri kuliko wote tuliomo humu, amekaa gizani anasomewa gazeti lake mwenyewe, nilikiweka kitabu chini nikashindwa kuendelea siku ile.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1847 katika mji wa Makó, kusini mwa Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mwenye nacho, akahamishia familia Pest na kuwawekea watoto walimu wa nyumbani. Kisha mwaka 1858 baba akafariki, na biashara ikafa nyuma yake. Joseph alikuwa na miaka kumi na mmoja. Katika watoto wa nyumba ile karibu wote walikufa wadogo. Waliofika utu uzima ni wawili tu, yeye na mdogo wake Albert. Naomba muushike huo mwanzo. Aliijua biashara ya familia inavyokufa kabla hajajua inavyojengwa.

Akiwa na miaka kumi na saba alitaka kuwa askari. Alijaribu jeshi la Austria, wakamkataa. Akajaribu Jeshi la Kigeni la Ufaransa, wakamkataa. Akajaribu jeshi la Waingereza ili apelekwe India, nao wakamkataa. Kila mahali jibu moja: mwili dhaifu, macho mabovu. Waliokuja kumpokea ni mawakala waliokuwa Hamburg wakiokota vijana wa kupigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vita ambavyo mwaka 1864 havikuwa na nafasi ya kuchagua macho. Inasimuliwa kwamba meli ilipofika Boston aliruka majini usiku akaogelea hadi nchi kavu, ili fedha ya kuandikishwa jeshini aichukue mwenyewe asimwachie wakala. Akaingia kikosi cha wapanda farasi cha New York kilichojaa Wajerumani. Kijerumani alikijua vizuri. Kiingereza kilikuwa cha kuokoteza.

Vita vikaisha 1865, naye akabaki New York hana kazi, amevaa sare iliyochakaa. Akaelekea magharibi, St. Louis, mji wenye Wajerumani wengi. Alifika ukingo wa Mto Mississippi usiku, mvua na baridi, taa za mji anaziona ng'ambo, nauli ya pantoni hana. Akaitana na mabaharia kwa Kijerumani, wakamkubalia avuke kwa kufanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kulisha boila moto. Ndivyo alivyoingia St. Louis, kwa koleo mkononi, uso unaungua na mgongo unaganda.

Sitawatajia kazi zote alizofanya, mtalala. Alitunza nyumbu wa jeshi, na hiyo aliiacha baada ya siku mbili. Alikuwa mhudumu wa hoteli wakamtimua. Alibeba mizigo bandarini. Kuna moja tu nitakayoieleza, maana ndiyo iliyozaa nyingine zote. Alitokea mtu akawaahidi vijana kazi nzuri katika mashamba ya miwa Louisiana, kila mmoja atoe dola tano. Wakatoa, wakapandishwa kwenye mashua ya mvuke, na usiku wakateremshwa mahali pasipo na kitu, mashua ikageuza ikaondoka. Walirudi mjini kwa miguu. Wenzake walikuwa wanapanga namna ya kumuua tapeli. Pulitzer aliandika kisa chote, na gazeti la Kijerumani la pale mjini, Westliche Post, likakichapa. Hiyo ndiyo habari yake ya kwanza kuchapwa.

Ndugu zangu, kila mtu humu ameshatapeliwa. Nani kati yetu aliyegeuza utapeli wake kuwa mtaji?

Saa za jioni alikuwa haondoki Maktaba ya Mercantile, anajifunza Kiingereza na sheria. Kulikuwa na chumba cha kuchezea sataranji, na humo ndimo alimozoeana na wakubwa wa gazeti lile, Emil Preetorius na Carl Schurz. Mwaka 1867 akapata uraia. Mwaka 1868 akaajiriwa kuwa mwandishi. Waandishi wa Kiingereza walimcheka, kijana mrefu, pua kubwa, lafudhi nzito, anafika kwenye tukio akikimbia. Baada ya muda wakagundua kwamba wahariri wao wanawauliza kwa nini yule Mjerumani, wao walimwita hivyo, amepata habari wao wamekosa. Alifanya kazi saa kumi na sita kwa siku. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huona uchafu ambao mwenyeji ameshauzoea, na Pulitzer aliuona: mikataba ya ujenzi ya serikali ya wilaya iliyotolewa kwa kujuana. Alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Missouri akiwa na miaka ishirini na miwili.

Hapa sitamfichia aibu. Mwaka 1870 mkandarasi mmoja aliyenufaika na mikataba ile alimwita mwongo mbele ya watu, naye akaenda kuchukua bastola, akarudi, akampiga risasi ya mguu. Alitozwa faini, marafiki wakamsaidia kulipa. Hasira ile hakuiacha maisha yake yote, na ninyi wenye maduka mnajua hasira ya mwenye mali humwangukia nani jioni anaporudi nyumbani.

Sasa tuje kwenye biashara. Tarehe 9 Desemba 1878 gazeti la St. Louis Dispatch lilipigwa mnada kwenye ngazi za mahakama. Lilikuwa limekwisha: mashine zimechoka, deni la dola 30,000 juu yake. Pulitzer, ambaye miezi sita kabla alikuwa amemwoa Kate Davis, alimtuma mtu amnunulie. Lilikwenda kwa dola 2,500. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameliunganisha na gazeti la Post la John Dillon, na mwaka uliofuata akamnunua Dillon akabaki peke yake. Post-Dispatch likawa lake.

Aliliuzaje? Alichapisha orodha ya matajiri wa mji na kiasi cha mali walichotangaza kwa mtoza kodi. Hakutia matusi, hakutia maoni marefu. Upande mmoja jina, upande wa pili kiasi. Watu waliokuwa wakipita kila siku mbele ya majumba yale ya mawe walisoma kwamba mwenye jumba ametangaza mali ya kujaza chumba kimoja. Mnaona ujanja wa kibiashara uliomo? Wenye matangazo makubwa walikasirika, lakini wasomaji waliongezeka mpaka mwenye tangazo hakuweza kukaa nje. Mimi nimeshakosa zabuni kwa kumkasirisha mteja mkubwa, najua mkono unavyotetemeka. Wake ulitetemeka pia, nadhani, lakini alichapa.

Mwaka 1883 akapita New York na mkewe wakielekea mapumzikoni Ulaya. Hawakufika. Alikutana na Jay Gould, bwana wa reli, ambaye alikuwa na gazeti linalomla fedha, The World. Wakapatana dola 346,000, zilipwe kidogo kidogo. Mdogo wake Albert alikuwa tayari na gazeti lake New York, la mwaka mmoja. Joseph alipofika alimchukulia waandishi wake wazuri, na undugu ukapata ufa. Katika familia zetu mambo haya hayasemwi hadharani, lakini yapo, na wengine humu wanainamisha vichwa sasa hivi.

New York ya wakati ule ilikuwa inapokea wageni kwa maelfu kila wiki: Wairishi, Wajerumani, Waitalia, Wayahudi wa Urusi. Magazeti makubwa yaliandikiwa watu waliokwisha kusoma. Pulitzer alikumbuka alivyokuwa akikokoteza Kiingereza kwenye maktaba. Akaagiza sentensi fupi, maneno ya kawaida, vichwa vikubwa vya habari, picha za kuchora, bei senti mbili. Inasemwa aliwaambia wahariri aliowakuta kwamba mpaka jana walikuwa wakiishi sebuleni na kuoga kila siku, ila kuanzia leo wote wanatembea Bowery, mtaa wa walalahoi. Gazeti alilolikuta likiuza nakala kama elfu kumi na tano, ndani ya miaka minne liliuza robo milioni.

Kisha ukaja mwaka 1885. Wafaransa walikuwa wamekwisha kuitengeneza Sanamu ya Uhuru, lakini Wamarekani hawakuwa na fedha ya kujenga msingi wa kuisimamisha, na matajiri walikuwa wamekunja mikono. Machi mwaka ule The World likatangaza: msiwangoje mamilionea. Yeyote atakayetoa chochote, hata senti moja, jina lake litachapwa. Watoto wakavunja vibubu. Majina yakachapwa, safu baada ya safu, pamoja na vijibarua vyao. Kufikia Agosti zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Mimi ni mpiga chapa. Najua maana ya mtu asiyewahi kuona jina lake kwenye karatasi kuliona siku moja limepigwa kwa wino. Mteja yule humpotezi tena.

Makosa yake nayo niyaseme, maana mkisoma wenyewe mtayakuta. Aliposhindana na William Randolph Hearst, aliyekuja kulinunua lile lile gazeti alilolianzisha Albert, magazeti yote mawili yalipandisha joto la vita vya Kuba vya 1898 kwa habari zilizotiwa chumvi hadi zikachacha. Na watoto waliouza magazeti barabarani walipandishiwa bei ya jumla, kutoka senti 50 hadi senti 60 kwa nakala mia. Julai 1899 wakagoma. Watoto hao, wengine hawakuwa na viatu, waliwashinda mabwana wawili wakubwa kuliko wote mjini. Bei haikushuka, ila walikubaliwa kurudisha magazeti yasiyouzika na kurejeshewa fedha zao. Yeye aliyevuka mto kwa kulisha boila alihitaji kugomewa ndipo akumbuke. Hili linaniuma kila nikilisoma.

Sasa nifike kwenye macho.

Siku moja ya Novemba 1887 alishika karatasi za tahariri ya kesho, kama alivyofanya kila siku, akakuta hazisomeki. Aliyaona maandishi kama vumbi. Alikuwa na miaka arobaini. Daktari akamfungia katika chumba chenye giza kwa wiki sita, haikusaidia. Mishipa ya fahamu nayo ikaharibika, mpaka sauti ndogo ikawa kwake kama msumari. Oktoba 1890 akatangaza kuacha kiti cha uhariri. Mwaka huo huo ndipo lilipokamilika jengo lake Park Row, refu kuliko majengo yote ya New York wakati ule, futi 309, na kuba la rangi ya dhahabu. Lilijengwa palipokuwa hoteli ambayo, kama inavyosimuliwa, ilimfukuza alipokuwa askari mwenye sare chakavu.

Miaka ishirini na moja iliyobaki aliiongoza biashara bila kuiona. Aliishi katika vyumba vilivyozibwa sauti, na baadaye katika meli yake ya anasa, Liberty. Aliajiri makatibu kwa sauti zao, akawajaribu wasome kwa muda mrefu bila kumchosha. Mezani mtu akitafuna njugu kwa kelele mzee anaumia. Maagizo yalikwenda kwa telegramu yakiwa yamefichwa kwa maneno ya siri, kitabu kizima cha maneno, ambamo yeye mwenyewe alikuwa "Andes". Kutoka baharini alijua mhariri gani amechelewa kazini na ukurasa gani umepangwa vibaya. Gazeti aliliona lote.

Watoto hakuwaona vile.

Alizaa saba, wakakua watano. Lucille, kipenzi chake, alikufa kwa homa ya matumbo siku ya mwisho ya mwaka 1897, ana miaka kumi na saba. Wa kiume walikuwa watatu: Ralph, mkubwa, mpole, mtii, Joseph, wa katikati, aliyebeba jina la baba, na Herbert, kitinda mimba, aliyezaliwa 1895 wakati baba tayari yuko gizani. Yule wa katikati ndiye aliyemkasirisha. Shule moja ilimfukuza kwa kutoroka usiku kwenda kununua bia. Chuo kikuu baba mwenyewe alimtoa kwa utoro. Akampeleka chumba cha habari cha gazeti lake la jioni chini ya mhariri mkali, na mhariri yule akamfukuza kazi mtoto wa mwenye gazeti kama anavyomfukuza mtu yeyote. Mwaka 1906 mzee akachoka, akampeleka St. Louis, kwenye gazeti la zamani. Ukimtazama kwa jicho la New York, amepelekwa shamba.

Mnisamehe nirudi kidogo kwetu. Nilikuwa nikimaliza kusoma prufu, baba anakunja miguu, anauliza, "Kaka yako hajafika?" Kila jioni. Kaka alikuwa anasoma mambo ya kompyuta, na nia ya kuja hakuwa nayo, hakuwahi kuificha. Simlaumu marehemu. Alikuwa amekwisha kuamua nani anamngoja, na mtu akishaamua hivyo, aliye mbele yake anakuwa sauti tu inayosoma koma na nukta.

Mzee Pulitzer alifariki tarehe 29 Oktoba 1911 ndani ya Liberty, katika bandari ya Charleston, akiwa na miaka sitini na minne. Katibu wake Mjerumani alikuwa akimsomea. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya Kijerumani, "Leise, ganz leise", yaani taratibu, taratibu kabisa. Kwa kufa alirudi kwenye lugha aliyoombea pantoni.

Wosia ukafunguliwa. Katika mapato ya hisa za magazeti, sehemu sita za kumi alimwachia Herbert, aliyekuwa bado kijana mdogo. Sehemu mbili Ralph. Sehemu moja wahariri na mameneja wakuu wagawane. Na Joseph, sehemu moja. Sawa na ile waliyogawana waajiriwa wote wakuu. Tena mzee akaandika kwa mkazo kwamba The World lisiuzwe kamwe, kwa hali yoyote.

Nawaomba wenye wosia tayari kwa wakili wasikie kilichofuata. Ralph aliliendesha The World kwa heshima miaka mingi, na lilikuwa na waandishi hodari, lakini fedha zilivuja na Herbert moyo wake haukuwa kule. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, ndugu hao walikwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuuza. Jaji akaamua kwamba wosia hauwezi kuwalazimisha warithi wazame na meli. Gazeti likauzwa dola milioni tano kwa kampuni ya Scripps-Howard, na watu wapatao 2,800 wakakosa kazi kwa usiku mmoja. Katazo lote lile la mzee halikuongeza hata msomaji mmoja.

Na yule wa sehemu moja? Mwaka 1912 alishika Post-Dispatch akalishika mpaka alipokufa, miaka arobaini na mitatu. Hakuwa mwenye makelele. Aliwaandikia wahariri wake vikaratasi vya manjano, siku baada ya siku: fuatilieni hili, yule mtu ameulizwa? mbona picha ni ndogo? Aliajiri watu wakali kuliko yeye akawaacha wafanye kazi. Baba alipostaafu rasmi siku ya kutimiza miaka sitini, tarehe 10 Aprili 1907, aliwaandikia St. Louis maneno machache: gazeti lipigane daima na dhuluma na ufisadi, lisikose kamwe huruma kwa maskini, lisiogope kuwashambulia waovu, wawe matajiri waporaji au maskini waporaji. Maneno hayo mtoto aliyachapa kila siku ukurasani. Na aliyatekeleza.

Nitatoa mifano miwili tu. St. Louis ilichoma makaa ya mawe machafu mpaka, Novemba 1939, taa za barabarani zikawashwa mchana kwa moshi. Post-Dispatch liliandika bila kuchoka hadi sheria ya kubadili makaa ikapitishwa mwaka 1940. Kumbukeni baba yake aliingia mji ule kwa koleo la boila. Wa pili ni Centralia, jimbo la Illinois. Tarehe 25 Machi 1947 mgodi wa makaa ulilipuka, wakafa watu 111. Gazeti likafukua maandishi ya mkaguzi wa migodi aliyekuwa ameonya muda mrefu, ripoti baada ya ripoti, kwamba vumbi la makaa litaua watu, na wakubwa wakaziweka kando. Likachapa yote. Kwa hilo la moshi na hilo la mgodi lilipewa Tuzo ya Pulitzer ya utumishi kwa umma, mwaka 1941 na 1948, na katika zama zake lilipewa tuzo hiyo mara tano. Msidhani ni kujipendelea. Tuzo zinasimamiwa na Chuo Kikuu cha Columbia, kwa fedha alizoacha mzee, tangu 1917.

Jambo moja tena alirithi kwa baba, ambalo wosia haukulitaja. Macho. Yalififia taratibu, na uzeeni naye alikaa kila asubuhi akisomewa gazeti lake na katibu.

Baada yake alifuata mwanawe, Joseph wa tatu. Familia ikalishika Post-Dispatch hadi mwaka 2005, ilipoiuza kampuni nzima kwa dola bilioni 1.46. Ni miaka 127 tangu mnada wa dola 2,500. Wapo wanaosema kuuza ni kushindwa. Mimi sioni hivyo. Biashara iliyowalisha wajukuu, ikawazika wazee wake kwa heshima, kisha ikauzwa kwa bei yake, hiyo imefanya kazi yake.

Nimebakiza kitu kimoja, kisha nitakaa. Tarehe 10 Oktoba 1889, lilipowekwa jiwe la msingi la lile jengo la kuba la dhahabu, mzee hakuwepo. Alikuwa Ulaya akitibiwa. Aliyeliweka jiwe ni mtoto wa miaka minne, amevaa suti ya kibaharia, amepewa mwiko wa fedha wa kuashia. Ndiye Joseph, yule wa sehemu moja ya kumi. Alikufa Machi 1955, na miaka hiyo hiyo jengo likavunjwa kupisha barabara za kuingilia Daraja la Brooklyn. Wabomoaji wakalikuta sanduku la shaba ndani ya jiwe. Lilipelekwa Columbia. Lilipofunguliwa ndani yake kulikuwa na magazeti ya siku ile ya 1889, na picha za familia.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.